MREJESHO: Trekta la mnada wa mtandaoni kutoka Uingereza

Wakuu, niliuliza hapa kama ni salama kununua Massey Ferguson 290 kwenye mnada wa mtandaoni Uingereza, nilimie mpunga Kilombero. Asanteni sana, ushauri wenu umeniokolea fedha.

La kwanza nililiacha. Mita ilionyesha injini imefanya kazi saa chache, lakini pedali za klachi na breki zilikuwa zimelika hadi chuma kinang'aa. Mita hubadilishwa, pedali haidanganyi. Nikaomba video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, wakanitumia ambayo tayari ina moto. Hapo nikajitoa.

La pili nilimlipa fundi wa kule akalikague: moshi, mikono ya kunyanyulia plau, shafti ya nyuma inayozungusha mashine za kuvutwa, uvujaji kwenye ekseli. Likawa zima, nikashinda mnada.

Mnaofuata, pigeni hesabu ya kamisheni ya mnada: huongezwa juu ya bei uliyoshindia, halafu kuna kusafirisha hadi bandarini, meli, na wakala wa forodha Dar. Na lioshwe udongo wote kabla ya kupakiwa.

Sasa natafuta diski za plau. Mwenye duka la uhakika Morogoro anielekeze.