Grupu yetu ya vitabu Kisumu imebaki watu sita na Julai tunakutana na watu wa Nakuru, tusome nini?

JamaaWaDunga:
Habari za jioni wadau. Niko na swali na pia niko na malalamiko kidogo, mnivumilie. Mwezi wa kwanza tulianzisha grupu ya kusoma vitabu hapa Kisumu, ya WhatsApp tu, tukaingia watu 43, kila mtu na emoji ya moto, ati mwaka huu ni kitabu kimoja kila mwezi. Saa hii ukihesabu wenye wanasoma kwa ukweli ni sita, na kati ya hao sita mmoja ni mimi na mwingine ni bibi yangu. Wengine wamebaki kutuma picha za maua asubuhi na matangazo ya kazi za uongo. Juzi mtu ameweka bei ya kuku wa kienyeji na hiyo ndiyo meseji imepata majibu mengi tangu Pasaka.

Tulianza na Siku Njema ya Ken Walibora. Nilidhani hiyo itateleza kwa sababu wengi walikutana nayo shule, ilitoka 1996, halafu yule kijana Kongowea anatoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake, na Kitale ni hapa tu. Tulikuwa na kopi mbili. Moja ilizunguka poa mpaka Ahero ikarudi na doa la chai, hiyo sina shida nayo. Ile ingine, yangu mwenyewe, nilinunua nikiwa fomu tatu na jina langu liko ndani, ilipanda matatu kuenda Siaya mwezi wa pili na mpaka leo nikiuliza naambiwa "niko karibu kumaliza". Na si kitabu kikubwa jameni.

Sasa maneno yenyewe. Kuna grupu ya Nakuru tumeongea nao tukakubaliana tukutane Kericho katikati, tarehe 7 Julai kwa sababu ni Siku ya Kiswahili Duniani, na pande zote mbili tuwe tumesoma kitabu kimoja. Hao watu wa Nakuru wanasoma kweli, nimeogopa. Nisaidieni: kitabu gani watu wavivu watamaliza, kitapatikana aje bila kila mtu kutoboka mfuko, na nyinyi mnafanyaje watu wasipotee?

MamaWaSection58:
Pole ndugu yangu. Mimi niko Nakuru lakini si hiyo grupu mnaogopa, yetu ni wamama watano na kinyozi mmoja. Na usidhani ni wewe tu, sisi tumekufa mara mbili tukafufuka.

Kitu ilituokoa ni kuacha homuweki. Mtu ametoka kazi, watoto wanataka chakula, stima imepotea, halafu wewe admini unamuuliza amefika sura ya ngapi, lazima atakuhepa tu. Sasa hatusomi nyumbani kabisa. Tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu Jumamosi, tunachukua hadithi fupi moja, mtu mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanakatakata sukuma au wanasonga chapati. Ikiisha tunabishana. Masaa mawili hivi umemaliza hadithi, umekula, umeenda kwako. Kinyozi wetu ndiye anasoma vizuri kutushinda wote, ana sauti kama ya mtangazaji wa redio, na alikuja mara ya kwanza kumleta bibi yake tu.

Tulisoma Land Without Thunder ya Grace Ogot, ya 1968, huyo ni mtu wa huko kwenu nashangaa hamjaanza na yeye. Mle ndani kuna ile ya msichana anayepelekwa kwa zimwi la ziwani ndiyo mvua inyeshe. Tulipofika pale Oganda anatembea peke yake kuelekea ziwa kinyozi akanyamaza, akasema ngoja kwanza nikunywe maji. Sukuma iliungua hiyo siku.

Otis_Manyatta:
Kwani mnajichosha hivi kwa nini, si mtu atume PDF tu kwa grupu? Mimi ni mwanafunzi omera, kitabu cha mia saba na mia saba ni chakula changu cha siku tatu. Niko na vitabu zaidi ya mia mbili kwa simu na sijawahi nunua hata kimoja, na nimesoma kuliko hao 43 wote.

MwalimuLurambi:
Hamjambo. Nafundisha Kakamega, Kiswahili na Historia, nitajaribu nisiwe mrefu ingawa wanaonijua watacheka.

Otis mwanangu, sitakugombeza sana kwa sababu bei ni shida ya ukweli. Tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vinatozwa asilimia 16 na kabla ya hapo havikuwa vinatozwa, kwa hivyo kabla hata mwenye duka hajaweka yake tayari umeumia. Lakini hizo PDF nyingi ni mtu amepiga picha kitabu cha mwenzake ukurasa kwa ukurasa akasambaza. Hakimiliki hapa Kenya ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Walibora alituacha Aprili 2020, piga hesabu mwenyewe, ni mpaka 2070. Mwandishi wa Kiswahili anapata sehemu ndogo sana kwa kila kopi inayouzwa, na hiyo ndogo ndiyo unamnyang'anya halafu kesho unauliza mbona hawaandiki riwaya mpya.

Sasa, kati ya PDF ya wizi na kitabu cha mia saba kuna njia. Ya kwanza ni maktaba. Kisumu iko, Nakuru iko, hata hapa kwetu Kakamega iko, ile huduma ya maktaba ya taifa ilianzishwa 1965, na watu wanapita pale nje kila siku wakidhani ni ya watoto wa shule kusomea mtihani. Ya pili ni inama, wale wanatandaza vitabu chini kando ya barabara.

Na hapo inama ndipo jibu lako liko, Bwana Dunga. Mama wa Section 58 amesema kweli kuhusu hadithi fupi, lakini Siku ya Kiswahili mkasome Kiingereza? Hapana, hapo nakataa kama mwalimu na kama mtu mzima. Someni Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, wahariri ni huyo huyo Walibora na Said A. Mohamed. Ilikuwa kitabu cha lazima cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hivyo nyumba yoyote yenye mtoto alimaliza fomu foo 2015 hivi haikosi kopi, iko chini ya kitanda au imewekewa mguu wa meza. Vilijaa mitaani walipobadilisha vitabu. Na ni hadithi moja moja, mtu akikosa wiki hii hajapotea njia.

Jambo la pili, na hili hamjaliona wote wawili. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba! UNESCO walichagua hiyo siku mwaka 2021 kwa sababu 7 Julai 1954 chama cha TANU cha Nyerere kule Tanganyika kilitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru, sawa, nzuri sana, lakini hapa kwetu Saba Saba ni ile ya Kamukunji 1990, maandamano ya kudai vyama vingi, na siku hiyo watu huingia barabarani. Mnataka kutoa watu Kondele hapo Kisumu asubuhi ya Saba Saba na matatu? Mtafika Kericho Agosti.

JamaaWaDunga:
Woi. Mwalimu, hiyo ya Saba Saba haikunijia kabisa na mimi ndiye naishi hapa. Bibi yangu anacheka anasema yeye alijua lakini alingoja aone.

ChaiNaKitabu:
Mimi ni wa Kericho naona mnapanga kuja kwetu bila kutuuliza haha. Karibuni sana. Ila sogezeni iwe Jumamosi inayofuata na msikae nje, watu wa Kisumu mnapenda kukaa nje chini ya mti. Hapa mvua ya saa nane haibishi hodi. Mje asubuhi, mtafute chumba chenye mabati mazima, kama ni hoteli ndogo mnaagiza chai wanawaacha mkae hata masaa matatu. Na mimi nikuje ama ni ya wanachama?

Otis_Manyatta:
Mwalimu umenipiga na 2070, sina la kusema. Lakini pia nyinyi watu wazima mkubali, mkitaka sisi wa mifuko mitupu tusome msianze na kitabu cha mia saba halafu mtuitie maadili. Hiyo Damu Nyeusi iko kwa siz yangu, alifanya nayo KCSE, imeandikwa maana ya maneno na penseli kila mahali, na ile hadithi yenyewe ya Fikirini kule Marekani nakumbuka nilisoma nikiwa darasa la sita nikakasirika siku mbili. Leo nimepita kwa wale wa kando ya barabara karibu na stendi, nimeona tatu. Ya kwanza ameniambia mia moja hamsini, nikaondoka, akaniita, ikawa themanini. Nimechukua zote tatu. Zile PDF sifuti lakini, niseme ukweli, labda polepole.

MamaWaSection58:
Otis wewe ni mtoto mzuri. Kula pia.

JamaaWaDunga:
Haya, nimeongea na wa Nakuru wamekubali, ni Jumamosi ya kwanza baada ya Saba Saba, Kericho, saa nne asubuhi, ndani ya nyumba. ChaiNaKitabu bila shaka unakuja, wewe ndiye utatutafutia hiyo mabati mazima. Kitabu ni Damu Nyeusi, kopi tatu za Otis (nakutumia 240 kwa M-Pesa usikatae) na moja nimepata kwa shemeji, kweli ilikuwa chini ya mguu wa meza, mwalimu wewe ni mchawi.

Jana usiku tumejaribu hiyo ya kusoma kwa sauti hapa nyumbani, mimi nasoma na bibi anatoa omena mawe. Mtoto wa jirani alikuja kuomba chumvi akakaa mpaka mwisho na chumvi akasahau. Nimetangaza kwa grupu kwamba hakuna tena kuulizana umefika ukurasa gani, na watu tisa wamejibu, wawili sikujua hata wako hai. Yule wa Siaya pia amejitokeza. Ameweka picha ya kitabu changu kiko salama, kimefunikwa gazeti vizuri kabisa, na amesema atakileta Kericho mwenyewe. Bado ako karibu kumaliza.

Mama wa Section 58 swali la mwisho: huyo kinyozi wenu anaweza kufunga duka Jumamosi moja? Nauli tutamchangia huku Kisumu.