Mjadala: Je, kazi ya kuandika ya mwanachuo ipewe alama kabla hajaitetea kwa mdomo?

Mleta mada, Mtwara Mjini

Ndugu zangu, naileta hoja hii mbele yenu ili ipingwe au iungwe mkono: kazi yoyote ya kuandika inayotolewa chuoni isihesabiwe alama mpaka mwanafunzi aliyeikusanya ahojiwe juu yake ana kwa ana, japo kwa dakika 10, na katika kuitetea aruhusiwe kutumia Kiswahili hata kama aliiandika kwa Kiingereza.

Nafundisha Stadi za Mawasiliano, somo ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza huliona kama kiingilio tu cha kulipia mlangoni. Muhula uliopita nilipokea kazi ya kikundi cha wanafunzi 12, kurasa 9, iliyohusu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, na mazao huuzwa baadaye kwa mnada) ulioanza kutumika katika korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/2008. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka na marejeleo yamepangwa bila kosa hata moja, jambo ambalo peke yake lilipaswa kunishtua. Nilimwita mmoja wao nikamuuliza: ukurasa wa 4 mmesema mfumo huu umempunguzia mkulima uwezo wa kuamua auze lini, na ukurasa wa 7 mmesema umemwongezea uwezo huohuo, msimamo wenu ni upi? Kijana aliwatazama wenzake, wenzake wakatazama sakafu, na hatimaye sauti ikatoka nyuma: “Mwalimu, hapo tulimwachia kaka wa steshenari atumalizie.”

Nisingelileta jambo hili hapa kama lingeishia hapo. Mwezi Novemba nilimsindikiza shemeji yangu kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wilayani Tandahimba, nikamkuta kijana yuleyule amesimama mbele ya wazee na viongozi akiwa na karatasi ya malipo ya mama yake mkononi. Alianza kwa kutaja makato yaliyokubaliwa katika mkutano uliotangulia, akasoma makato yaliyokatwa kwa kweli, akaonyesha tofauti kwa kila kilo, akakiri kwamba huenda gharama ya magunia imepanda, kisha akaeleza kwa nini hata ongezeko hilo halitoshi kufafanua tofauti yote. Katibu alijibu kwa ukali, naye akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akarudia swali lake kwa maneno mengine. Dai, ushahidi, hoja ya upande wa pili na jibu lake: mambo yaleyale ninayoyaandika ubaoni kila muhula yalikuwa yanatembea mbele yangu, na wala hayakuwa yametoka kwangu.

Ndipo nilipoamini kwamba tatizo letu si kwamba vijana hawawezi kujenga hoja. Tumewazoesha kwamba chuoni maandishi ni kitu cha kukusanya, si kitu cha kuamini na kukisimamia. Desa, yaani maandishi ya kunakiliana, zilikuwapo tangu zamani, na tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 hata kaka wa steshenari amepata msaidizi. Kumkamata mwizi wa maandishi kwa programu ni mbio zisizoisha, ilhali swali moja la “kwa nini aya hii imetangulia ile?” hulijibu vizuri yule aliyeandika.

Mhadhiri wa uhasibu, Mtwara

Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu, lakini tupige hesabu. Mimi nina darasa la wanafunzi 200. Dakika 10 kwa kila mmoja ni dakika 2,000, yaani zaidi ya saa 33, kwa kazi moja, katika somo moja, na bado sijaweka muda wa mwanafunzi kuingia, kusalimia na kutafuta karatasi yake. Anayependekeza utaratibu huu aseme pia ni vipindi vipi vifutwe ili upate nafasi.

La pili ni lugha. Wanafunzi wangu wanakwenda kufanya mitihani ya bodi ya wahasibu, ambayo ni ya Kiingereza. Tukiwapa mlango wa kutokea kila wanapokwama, tutakuwa tumewafurahisha kwa miaka mitatu na kuwaangusha katika siku moja.

Wakili, Lindi

Kuhusu lugha tu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu Kiingereza kwa ajili ya haki. Mimi nilifundishwa kutetea hoja kwa Kiingereza, na siku ya kwanza kusimama mahakamani na kuhoji shahidi kwa Kiswahili nilijikuta natafuta maneno kama mgeni. Mlango anaousema mhadhiri ndio ambao wengi wetu tunapitia kwenda kazini.

Mwanachuo wa ualimu, kwetu Newala

Shikamoo Mwalimu. Naomba nipinge kwa adabu, ingawa mfano wako wa Tandahimba umenigusa.

Kijana yule alisimama mbele ya watu wanaomjua tangu utotoni, akiwa na jambo la mama yake. Mimi nikisimama darasani, lafudhi yangu ya Kimakonde huchekwa kabla sentensi haijafika mwisho, na kucheka huko hakuchagui kama ninasema Kiingereza au Kiswahili. Kuandika ndiko kulikonisaidia, kwa sababu karatasi haina lafudhi.

Utasema basi tuhojiwe ofisini, mmoja mmoja. Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo, na nashangaa hakuna aliyeitaja. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2007, na sheria haitungwi kwa jambo lisilokuwepo. Karatasi niliyoiandika inaweza kusahihishwa upya na mhadhiri mwingine nikilalamika kwamba nimeonewa. Maneno niliyoyasema ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa yatasahihishwa upya na nani?

Mleta mada

Marahaba, mwanangu. Nakiri kwamba sikulifikiria, na sitakujibu kana kwamba nilikuwa nalo jibu mfukoni. Utetezi wa faragha naufuta katika hoja yangu. Ufanyike mbele ya wahadhiri wawili, mlango ukiwa wazi, sauti irekodiwe, na mwanafunzi awe na haki ya kuomba msikilizaji wa tatu. Kuhusu kuchekwa, hilo ni kosa letu sisi tunaosimama mbele na kuliacha lipite.

Kwa ndugu yangu wa uhasibu: wagawe wanafunzi 200 katika vikundi 40 vya watu 5, ipigwe kura ya bahati ni nani katika kila kikundi atetee kwa niaba ya wenzake, na jina litajwe asubuhi ileile. Hizo ni dakika 400, chini ya saa 7, na wote watano watalazimika kuisoma kazi yao kwa kuwa hakuna ajuaye kura itamwangukia nani. Mitihani ya bodi sina ubishi nayo, ila aliyeshindwa kueleza hesabu zake kwa lugha anayoiota usiku sioni atazielezaje kwa nyingine.

Awali nilitaka utetezi ubebe alama 40 kati ya 100. Baada ya maneno ya binti huyu nazishusha hadi 15, na anayeona kwamba hata hizo ni nyingi aseme sababu.