Nimeweka JSON-LD, mbona nyota hazitokei Google?

Swali
Wakuu, habari zenu. Naendesha tovuti ya mapitio ya vitabu. Kila pitio nimeliwekea JSON-LD (msimbo unaoieleza mashine ukurasa unahusu nini) ya aina ya Review, yaani pitio, na ukurasa wa mwanzo una ya aina ya Organization, yaani taasisi, yenye wastani wa nyota 4.9. Kipimo cha Google hakionyeshi kosa, ila kwenye matokeo hakuna nyota hata moja. Tatizo liko wapi?

Jibu
Mkuu, hiyo 4.9 itoe leo hii. Tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota ambazo taasisi inajipa kwenye tovuti yake yenyewe. Na msomaji anaiona wapi? Data ya kwenye msimbo lazima iwepo pia ukurasani, la sivyo unaweza kupewa adhabu na kupoteza hata nyota ulizostahili.

Mapitio ni habari nyingine, na hapo pana kazi ya maana. Ndani ya Review weka itemReviewed (kinachopitiwa) ya aina ya Book, yaani kitabu. Sasa angalia author: zipo mbili. Iliyo ndani ya Book ni mtunzi wa kitabu, iliyo nje yake ni aliyeandika pitio. Wengi huzichanganya, kisha mhakiki anageuka mtunzi. Ongeza isbn (namba ya utambulisho ya kitabu), maana vitabu viwili vinaweza kuwa na jina moja. Tarehe iandike 2024-03-05. Ukiandika 5/3, Mmarekani anasoma Mei 3.

Jibu
Naongezea: usihangaike na FAQPage, aina ya kurasa za maswali na majibu. Agosti 2023 Google ilibakiza kuionyesha kwenye matokeo kwa tovuti za serikali na za afya zinazoaminika tu.

Muuliza swali
Shukrani wakuu. Ila kama hata nikifanya yote nyota hazina uhakika, nahangaikia nini?

Jibu
Kweli, Google haiahidi kuzionyesha, na msimbo huu peke yake haukupandishi nafasi. Lakini bila huo mashine inabaki kubahatisha nani kaandika nini, kuhusu kitabu gani. Na huiandikii Google pekee: schema.org, yenye msamiati huu wa Review, Book na mengine, ilianzishwa mwaka 2011 na Google, Bing na Yahoo kwa pamoja, Yandex ikafuata, kwa hiyo msamiati ni mmoja. Mimi ningeandika hata kama nyota zisingekuwepo kabisa.

Pitisha pia kwenye validator.schema.org. Kipimo hicho hukagua msamiati wote. Cha Google huangalia aina inazozionyesha tu. Kisha bandika hapa msimbo wa pitio moja tuutazame.