Leven Bank si bwawa la kuogelea! Acheni kupeleka wanafunzi wa uzamiaji kule siku za bamvua

Wadau, hili limetuchosha. Boti za Nungwi na Kendwa zinauza Leven Bank, mwamba wa kuzamia, kama matembezi ya jioni. Anayelipa anapakiwa, hata kama cheti chake cha Open Water, kile cha mwanzo cha uzamiaji, hakina wiki. Cheti hicho kinaishia mita 18. Mgongo wa mwamba uko kama mita 14 chini, katikati ya bahari kati ya Unguja na Pemba, na ukivuka ukingo ni kilindi. Mita 4 za usalama kwa mtu asiyejua hata kutulia majini!

Kule hamna kamba ya kushukia. Unatoa hewa yote kwenye jaketi la kuelea ukiwa botini, unaruka, unazama moja kwa moja. Masikio yakimgomea mgeni kwenye mita 5, mkondo unampitisha juu ya mwamba wakati wenzake wameshafika chini. Kiongozi mmoja mwenye watu 8 amfuate nani?

Hesabu ya hewa ndiyo hamtaki kuwaambia wateja. Mwenye hofu huvuta kama lita 25 kwa dakika juu ya maji. Akiteremka ukingoni hadi mita 30, shinikizo ni baa 4, mara nne ya juu ya maji, kwa hiyo lita 100. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200, ukibakiza 50, unampa lita 1,800. Toa ya kupandia, mita 9 kwa dakika, na ya kusimama dakika 3 kwenye mita 5: zimebaki dakika 15. Akipigana na mkondo, hizo nazo zinakatika.

Na bamvua, yale maji makuu? Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, maji yanakimbia juu ya mwamba na ukingoni yanaweza kuvuta mtu chini. Anayevutwa hupiga mapezi kwenda juu hadi anaishiwa pumzi. Anatakiwa aogelee kuuacha ukingo, aelekee bahari wazi, aongeze hewa kidogo kwenye jaketi, na maji yakimwachia tu aitoe upesi: hewa ya mita 20 hutanuka mara 3 ikifika juu, na mapafu ni hivyo hivyo.

Pelekeni watu siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo. Fikeni nusu saa kabla maji hayajasimama, kiongozi ashuke kwanza apime mkondo wa chini, maana wa juu hudanganya. Msitie nanga; nahodha afuate mapovu, injini ikiwa tayari. Kila mzamiaji, siyo kiongozi peke yake, awe na boya refu la kupuliza, kamba yake na filimbi. Kusi ikichafua bahari, kichwa cha mtu hakionekani kati ya mawimbi.

Wenye boti mnaosoma hapa: wazamiaji 8 mliowapakia leo, maboya yalikuwa mangapi?