Safari ya siku moja Kojani: niende siku gani ili niuone uvuvi wenyewe?

Mwanafunzi wa Bahari

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo ninayesomea masuala ya bahari, na ninatamani kwenda kisiwani Kojani, mashariki ya Pemba, kwa safari ya siku moja. Nitalala Wete, nivuke asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Tangu utotoni nimesikia Wakojani wakisifiwa kwa uvuvi, kwa hiyo nisingependa kufika, kupiga picha za mashua zilizolala mchangani, kisha kuondoka bila kuelewa kitu. Likizo yangu inaanza Januari. Naomba mnielekeze siku inayofaa, na mambo ya kuuliza nikishafika.

Pepo za Kusi

Waaleikum salaam, mwanangu. Kabla hujatazama kalenda ya chuo, tazama mwezi. Maji ya bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Jumamosi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani maji hupwa mbali na kujaa sana kuliko siku nyingine. Katika siku hizo, huku kwetu Unguja na Pemba, maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Huo ndio wakati ambao miamba hufichuka, kina mama wakashuka pwani kutafuta pweza na chaza, na mwenye dema, mtego wa samaki wa kusukwa, akaenda kulitazama. Ukifika wakati wa maji mafu, siku za katikati baina ya bamvua na bamvua, hutayaona hayo, kwa sababu bahari haitoki mbali.

Baina ya bamvua hizo mbili, ningekushauri uchague ya mwezi mpevu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu, na wavuvi wa usiku hupata siku kadhaa za kupumzika na kushona nyavu zao. Mtu anayeshona wavu huwa na subira ya kuzungumza, lakini aliyekesha baharini anahitaji usingizi, na si haki kumsumbua kwa maswali.

Binti wa Mwambao

Ninakubaliana na mzee wetu kuhusu mwezi, lakini naona amelipita jambo kubwa zaidi, nalo ni msimu. Januari ni wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, na ni wakati wa dago: wavuvi huondoka na vyombo vyao, nyavu na vyakula, wakapiga kambi katika pwani za mbali kwa wiki au miezi kadhaa wakifuata samaki. Wakojani wanajulikana katika kambi hizo tangu Unguja na Tanga hadi mwambao wa Kenya. Kwa hiyo ndugu yangu, ukikuta wanaume ni wachache usifadhaike ukadhani umekosea siku, kwani sehemu kubwa ya uvuvi wa Kojani hufanyika nje ya Kojani.

Kwa sababu hiyo nakusihi usiwasubiri wanaume peke yao. Waulize kina mama fedha za dago hufikaje nyumbani, nyumba huendeshwaje kabla hazijafika, na mtoto wa kiume huanza kuchukuliwa dago akiwa na umri gani, maana hapo ndipo utakapoelewa habari za shule pia. Kuwaona wakiokota pweza tu, kama alivyosimulia mzee, hakutoshi. Wao ni wavuvi, na wakati wa dago ndio wanaoshika nyumba nzima. Inanisikitisha kwamba maelezo mengi kuhusu uvuvi wetu huwataja kwa sentensi moja.

Mwanafunzi wa Bahari

Ahsanteni sana, dada na mzee wangu. Sikuwa nimelifikiria dago hata kidogo. Je, inafaa niende na daftari na kamera?

Pepo za Kusi

Binti amesema kweli, nami namshukuru. Ama daftari, anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji) utakayofikia, umweleze wewe ni nani na unataka nini, ndipo uende kwa watu. Ikiwa majibu yao utayatumia katika utafiti wa chuo, omba kwanza kibali cha utafiti cha Serikali ya Zanzibar, kwa maana matembezi na utafiti ni mambo mawili. Kamera ibaki mkobani mpaka umeomba ruhusa ya kila unayetaka kumpiga picha, hasa kina mama walioko pwani na nguo zilizolowa. Vaa nguo za heshima, usichague Ijumaa, na kabla hujashuka chomboni patana na nahodha saa ya kukurudisha, kwa kuwa yeye ndiye anayejua maji yatakuwa wapi jioni hiyo.