Ramelteoni, Circadin, Valdoxan: ni dawa moja au tatu tofauti?

Ndugu zangu, habari za leo.

Naomba msaada kwa mwenye ujuzi. Huu ni mwaka wa tatu nafanya zamu za usiku. Siku za mapumziko napanda kitandani saa nne usiku, nagaagaa mpaka saa nane bila lepe la usingizi. Daktari hapa Marekani ameniandikia ramelteoni ya miligramu 8. Jamaa yangu aliyeko Uingereza anatumia Circadin, mwingine Ujerumani anameza Valdoxan, na kila mmoja anasema yake ni "ya melatonini", ile homoni ya mwili ya usingizi. Huku melatonini yenyewe inauzwa bila cheti, sasa cheti cha nini? Tena huyu wa Valdoxan yuko tayari kunitumia boksi zima.

---

Kaka, pole sana na zamu. Mimi ni mfamasia. Kabla ya yote, mwambie jamaa asitume hilo boksi.

Valdoxan ni agomelatini, na agomelatini ni dawa ya sonona. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Marekani haijaidhinishwa kabisa. Ni kweli inagusa vipokezi vya melatonini (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake), lakini inagusa pia kipokezi kimoja cha serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na inaweza kuumiza ini. Anayeitumia hupimwa damu kabla ya kuanza, kisha karibu wiki ya 3, ya 6, ya 12 na ya 24. Ukitumiwa kwa posta, nani atakupima? Haitakiwi pia kumezwa pamoja na siprofloksasini, ile antibiotiki ambayo wengi wetu tunayo kabatini, maana inazuia ini kuivunjavunja agomelatini na dawa inajaa mwilini.

Circadin ni melatonini yenyewe, miligramu 2, iliyotengenezwa itoke polepole usiku kucha. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2007 kwa watu wa miaka 55 na kuendelea. Humezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, baada ya kula, na nzima. Mama mmoja alinifungulia kitambaa cha karatasi, ndani mna nusu vidonge alivyokata kwa kisu ili vidumu. Usingizi ulikuwa unamjia upesi na kumkimbia usiku wa manane. Nilimweleza kuwa kisu kimeondoa ule upolepole aliolipia, naye akanyamaza kwanza, kisha akaniomba nimwandikie kwa herufi kubwa: USIKATE.

Ramelteoni yako si melatonini. Ni dawa iliyotengenezwa kushika vipokezi vile vile, MT1 na MT2, kwenye sehemu ya ubongo inayoshika saa ya mwili. Marekani inatumika tangu 2005 kwa mtu anayechelewa kupata usingizi, na haimo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kwa hofu ya uraibu. Usitegemee ikuangushe kama diazepamu, ile dawa ya kutuliza. Katika tafiti, wastani wa muda iliookoa kabla ya mtu kulala ni kama dakika 9 tu. Nakwambia mapema usije ukaongeza kidonge cha pili kwa hasira. Wanaotumia fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, wasiiguse ramelteoni kabisa.

Na ile ya dukani? Marekani huhesabiwa kama kirutubisho, wala haikaguliwi kama dawa. Vipimo vya maabara vimewahi kukuta kilichomo ndani kikipungua au kuzidi sana kilichoandikwa kwenye kopo. Uingereza melatonini inahitaji cheti, kwa hiyo usimbebee mtu makopo bila kuuliza.

Ila kaka, mimi nashuku saa yako ya mwili. Siku tano unaiambia usiku ni mchana, siku ya sita unaitaka ilale saa nne. Andika kwa wiki mbili saa unayolala na unayoamka, umpelekee daktari hiyo karatasi.

---

Dada mfamasia, ahsante. Naongeza moja ambayo hukuitaja: tasimelteoni, inayouzwa kwa jina la Hetlioz. Baba yangu haoni kabisa, hata mwanga. Kila siku usingizi wake ulikuwa unasogea mbele kidogo, mpaka ikafika wiki analala mchana na kukesha usiku akisikiliza redio kwa sauti ya chini asituamshe. Tulidhani ni uzee. Kumbe bila mwanga saa ya mwili hairekebishwi, inajiendea kwa siku yake ndefu kuliko saa 24. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa tatizo hilo. Humezwa miligramu 20 saa ile ile kila usiku, bila chakula. Msikate tamaa mapema, kwetu ilichukua wiki nyingi. Mnaovuta sigara mwambieni daktari, sigara hupunguza dawa hii mwilini.

---

Nashukuru wote, na baba apewe salamu. Boksi nimelikataa. Dada, ramelteoni nimeze saa ngapi? Siku za mapumziko nakula saa tatu na nusu, chakula kizito.

---

Nusu saa kabla ya kupanda kitandani, lakini si juu ya chakula chenye mafuta mengi, kinaichelewesha. Sogeza chakula kiwe saa moja jioni. Ukishaimeza usiendeshe gari, na pombe siku hiyo iache.