Tupeane uzoefu: besi uliyoichonga au kuifumua kwa mikono yako, na siku ya kwanza ulipoitoa mbele ya watu

Fenesi Nyuzi Nne (Kawempe)

Wapiga gitaa la besi wenzangu, salaam. Juzi nimemaliza besi yangu ya pili. Usiku nikaketi nayo, nikakumbuka yote yaliyonipata kwa ile ya kwanza, nikaona si vizuri kuyafungia moyoni. Kinanda kina walimu kila mtaa hapa Kampala. Sisi wa besi kila mtu anahangaika kivyake, na kosa nililolifanya mimi mwaka juzi kuna mwenzangu analifanya leo. Basi mwenye besi aliyoichonga, aliyoifumua au kuifufua atueleze: ni mbao gani, nini kilikusumbua, na siku ya kwanza ilikuwaje. Naanza.

Ya kwanza niliichonga kwa fenesi. Mti ulianguka na mvua kwa bibi, Luweero, na kwa kuwa wachonga ngoma wetu wanaitumia fenesi tangu zamani, nikapata moyo. Nikapasuliwa ubao wa sentimita 5. Ncha zake nikazipaka rangi ya mafuta ili zisikauke haraka zikapasuka, kisha nikauweka darini. Watu wa mbao wanasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mimi nilisubiri miezi 20. Siku nilipopiga randa nilisimama nikautazama tu. Ndani ni njano kama kiini cha yai la kienyeji, na siku zinavyokwenda inaiva kuelekea kahawia. Sasa hivi ina rangi ya asali.

Shingo sikuchonga. Niliinunua kwa mwanamuziki Mkongomani aliyekuwa akihama, besi yake ilikuwa imepasuka kiwiliwili. Kwenye kiwiliwili ukikosea milimita 2 hakuna atakayejua, lakini kwenye shingo ukikosea nusu milimita kila noti itakusema. Anayeanza aazime shingo ya mtu kwanza.

Siku ya kwanza ilikuwa kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani, Mityana. Jenereta, mahema mawili, mashine ya kuchanganya sauti imeunganishwa na waya mrefu kupita kwenye majani. Nikachomeka. Mngurumo ule! Nikigusa nyuzi unapungua, nikiinua mikono unarudi. Shughuli nzima kiganja changu hakikutoka kwenye nyuzi, hata wazee walipokuwa wanazungumza. Pikapu yangu, ile sumaku yenye koili inayonasa mlio wa nyuzi, ilikuwa ya koili moja, na lile shimo la potenshomita, kirekebisha sauti, nililiacha mbao tupu, bila chochote cha kukinga kelele za umeme. Nyumbani nikalibandika foili ya jikoni. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye alumini, mchana mzima nimechoma vidole bure. Mwishowe nikapata bati jembamba la shaba, likashika mara moja, nikaliunganisha na waya wa ardhi unaotoka kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili. Kukawa kimya.

Karibuni.

Mama Kwaya (Jinja)

Asante kaka kwa kufungua. Mimi napiga besi kanisani mwaka wa tisa sasa, na mpaka leo kuna wageni wanaomtafuta kwa macho mwanamume aliyeniachia gitaa nimshikie.

Besi yangu ilikuwa ya kawaida, nikaibadilisha kuwa ya betri kwa kuiwekea prieampu ndogo, yaani kikuza sauti cha ndani, ya volti 9. Sauti ilinenepa, kila mtu akafurahi. Hakuna aliyeniambia jambo moja: kwenye besi za aina hii jeki ndiyo swichi. Ukichomeka kebo, betri imewaka, hata kama gitaa limelala. Mkesha wa mwaka mpya tulifanya mazoezi saa kumi jioni, nikaiacha kwenye stendi na kebo yake, tukaenda kula. Wiki nzima ya mazoezi nilikuwa nimefanya hivyohivyo. Saa sita kasoro dakika tano usiku, watu wamesimama, kwaya imepanda, besi ikaanza kukwaruza kama redio iliyo mbali na mnara, kisha ikanyamaza kabisa. Mpiga ngoma akaniangalia. Nikaangalia chini. Mwaka umeingia bila besi.

Nilirudi nyumbani nikalia, nasema kweli. Jumatatu nikamwambia fundi wa redio anitobolee nafasi ya swichi ndogo inayoruka ile prieampu, pikapu iende moja kwa moja kwenye jeki. Betri ikifa nabofya, sauti inakuwa nyembamba kidogo lakini ipo. Yeyote anayeweka betri aiweke na swichi hiyo.

La pili ni nyuzi. Seti mpya ya besi ni ghali kwetu. Zikifa sauti nazichemsha: sufuria juu ya sigiri, dakika kama 10, maji yanatoka meusi kwa jasho na uchafu wa vidole. Nazipangusa, nazianika zikauke kabisa, maana zikirudi na unyevu zinashika kutu. Unapata wiki mbili tatu za mlio mzuri. Wali siupikii sufuria hiyo.

Kadi ya Benki (Entebbe)

Fenesi, umesema kweli kuhusu shingo. Huku ziwani unyevu hautuachi. Mvua za Machi zikianza, shingo yangu inajikunja mbele na nyuzi zinapanda. Kiangazi inanyooka na nyuzi zinaanza kukwaruza kwenye freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, halafu tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya saba au ya nane. Mimi nataka iwe kama nusu ya unene wa kadi ya benki. Kadi ni milimita 0.76, kwa hiyo natafuta karibu 0.38. Ikizidi, nakaza nondo ya ndani ya shingo robo mzunguko tu, naiacha mpaka kesho, napima tena. Rafiki yangu alikaza mzunguko mzima kwa mpigo akasikia "ta!" ndani ya mbao. Sasa nondo inazunguka haishiki kitu.

Mchoro 97 (Wandegeya)

Mimi nilichonga shingo mwenyewe, ya mvule, na karibu niitupe.

Hesabu za freti niliziweka sawa. Urefu wa uzi ni inchi 34, yaani milimita 863.6, kipimo alichokitumia Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, kwenye besi yake ya Precision ya 1951 na kinachotumika hadi leo. Unagawa kwa 17.817, unapata freti ya kwanza milimita 48.47 kutoka kwenye nati, kile kipande chenye mifereji nyuzi zinapoanzia shingoni. Uliobaki unagawa tena, hivyohivyo mpaka mwisho. Nikachora kwenye kompyuta, nikapeleka kuchapwa mjini karatasi ndefu, nikaibandika juu ya ubao, nikakata mifereji yote 20 kwa msumeno mwembamba. Jumamosi nzima, mgongo unauma. Nikagonga freti, nikafunga briji, nikaweka nyuzi. Uzi wazi uko sawa, freti ya 12 inapiga kitu kisichokuwepo duniani.

Nikachukua rula. Freti ya 12 inatakiwa iwe milimita 431.8, yangu ilikuwa 419. Mashine ilipunguza mchoro ili uingie kwenye karatasi, asilimia 97, na mimi sikupima kabla ya kukata. Siku tatu sikuligusa.

Siku ya nne, nikiwa kwenye boda, ikanijia kichwani. Ikiwa kila kitu kimepungua kwa kiasi kilekile, basi freti zangu hazijakosea! Ni freti sahihi za besi iliyo fupi zaidi. 863.6 mara 0.97 ni 837.7, karibu kabisa na inchi 33. Nikafungua briji, nikaisogeza mbele milimita 26, matundu ya zamani nikayaziba kwa vijiti na gundi ya mbao. Nikapiga freti ya 12. Safi. Nyuzi zimelegea kidogo kuliko za inchi 34, nami nimeshazizoea. Ndiyo besi ninayopigia kila Ijumaa.

Lakini tafadhali, chora mstari wa sentimita 10 pembeni mwa mchoro wako, na uupime kwenye karatasi kabla hujashika msumeno.

Fenesi Nyuzi Nne (Kawempe)

Mchoro 97, nimesoma mara mbili. Hiyo ya kusogeza briji sikuwahi kuisikia popote. Na vumbi la mvule ulilivumiliaje? Mimi lilinitoa upele mikononi na kunibana kifua.

Mchoro 97 (Wandegeya)

Kitambaa kilicholowa maji puani na mikono mirefu. Ni kweli linawasha vibaya. Wanaopiga msasa mvule ndani ya chumba kilichofungwa wajihurumie.

Cherehani (Mbale)

Mimi sina besi niliyochonga, nasuka pikapu. Nilianza kwa sababu pikapu ya besi ya mwalimu wangu, aina ya Jazz, ilikatika waya ndani na hakukuwa na ya kununua.

Waya unaotakiwa ni wa shaba wenye vanishi, mwembamba kuliko unywele, milimita 0.063 hivi. Mafundi wa kusuka mota wana waya mnene mno, usihangaike nao. Mimi niliupata kwenye koili za rilei kuukuu za umeme mkubwa. Nikaifunga fremu ya pikapu kwenye gurudumu la cherehani ya marehemu mama, sumaku ndogo nikaibandika pembeni ya gurudumu, na swichi ya sumaku nikaiunganisha na kitufe cha "sawasawa" cha kikokotoo. Ukiandika 1 + 1, kila mzunguko kinaongeza moja. Pikapu ya namna hii inakula mizunguko kama 9,000. Waya unaongozwa kwa vidole viwili tu, unausikia kama utando wa buibui. Ukibana unakatika, ukilegeza unajipanga vibaya. Wa kwanza ulikatika kwenye 7,140. Nikazima taa, nikaenda kulala. Wa tatu ndio uliofika.

Sumaku usitoe kwenye diski za kompyuta. Nilijaribu. Zina nguvu kupita kiasi, zinauvuta uzi mnene mpaka noti moja inatoa sauti mbili zinazogombana. Mwalimu alipoipiga ile ya tatu alifumba macho akapiga wimbo mzima bila kusema neno, akanirudishia gitaa, akasema, "Mwanangu, hii ni yangu kabisa."

Mtoto wa Ndeeba

Fupi tu. Besi yangu ya kwanza ilikuwa mvule mtupu, kilo 6.2 kwenye mizani ya bucha. Besi ya kawaida ni kama kilo 4. Baada ya mkesha mmoja bega lilikufa ganzi siku mbili. Ya sasa ni ya mti wa musizi, nyepesi, shoka linaipenda. Ila kichwa kilikuwa kinaanguka chini kila nikiachia shingo, mpaka niliposogeza kifungo cha mkanda mbele, usawa wa freti ya 12, na kuweka mkanda mpana wa ngozi.

Adungu Kubwa (Arua)

Sijui kama yangu inahesabika. Sisi huku Nile Magharibi besi tulikuwa nayo kabla ya umeme: adungu kubwa ya Waalur, ala ya nyuzi yenye shingo ya upinde, sanduku lake unaweza kumlaza mtoto ndani. Tatizo ni pale kikundi kinapoalikwa ukumbini na kuna spika. Maikrofoni inaokota kila kitu isipokuwa adungu.

Pikapu ya gitaa haisaidii, kwa sababu nyuzi zetu ni nailoni na sumaku haizisikii. Nikatoa kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele, nikakibandika chini ya ule ubao wa katikati zilikofungwa nyuzi. Nikachomeka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti: sauti kavu, nyembamba, besi yote imepotea. Nikadhani kisahani ni kibovu. Kumbe kisahani cha namna hiyo kinataka kiingilio chenye ukinzani wa megaohmu moja au zaidi, na mikisa ina kiloohmu chache tu, ndiyo maana noti za chini zinamezwa. Transista moja ya FET, rizista chache na betri ya volti 9 ndani ya kopo la dawa ya viatu, na adungu ikaanza kutikisa viti. Siku ile babu mmoja wa Nebbi aliinuka akaja kuweka kiganja kwenye spika.

Fenesi Nyuzi Nne (Kawempe)

Inahesabika, ndugu yangu. Inahesabika sana.

Breki (Nakivale)

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini, niko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na familia tangu zamani. Besi yangu ya kwanza ilikuwa mbao za masanduku ya mizigo, vifungio ni bolti, na nyuzi ni waya za breki na gia za baiskeli. Ni chuma, kwa hiyo pikapu inazisikia. Waya wa breki ni milimita 1.5 hivi, wakati uzi wa mi wa kweli, ule mnene kuliko wote, unafika 2.7, kwa hiyo mi yetu ilikuwa imelegea kama kamba ya nguo. Tena waya ule ni mgumu kupinda: freti nne za kwanza ni sawa, ukipanda juu unatoka kwenye tyuni. Nikajifunza kupiga kila wimbo ndani ya freti nne. Umeme ulikuwa betri ya sola na amplifaya ya gari.

Tulipiga kwenye harusi, seben, ile sehemu ya kuchezea ya muziki wa Kongo, ikapigwa saa nzima, watu walivua viatu. Baadaye shemeji akaniletea seti ya kweli kutoka Kampala. Ninayo, naipiga. Lakini vijana tisa wa kwaya wanajifunzia ile ya breki, na nisichokuwa nacho ni mbao iliyokauka vizuri ya kuwachongea nyingine. Za huku zote ni mbichi, zinapinda kabla ya mwezi.

Fenesi Nyuzi Nne (Kawempe)

Breki, ule mti wa bibi ulitoa mbao tatu. Mbili nimezitumia. Ya tatu bado iko darini, mwaka wa nne sasa, ncha zimepakwa rangi, haijapasuka hata mahali pamoja. Mwezi ujao nina kazi Mbarara, nitakuja nayo kwenye basi. Cherehani, una pikapu yoyote iliyobaki?

Cherehani (Mbale)

Ninayo ya mizunguko 8,600. Inalia vizuri. Nitaituma Kampala wiki hii.